Fimbo Haiondoi Sumu ya Risasi



Ni mazoea ya siku nyingi kwamba mtoto asiyetulia darasani huitwa mtundu, na asiyeshika masomo huitwa mjinga. Hukumu hiyo hutolewa upesi, na pengine hufuatwa na fimbo. Lakini iko sababu moja isiyoondolewa kwa fimbo, nayo ni sumu ya madini ya risasi.

Madini hayo hujifanya kalsiamu, ambayo mwili huihitaji kwa mifupa na mishipa ya fahamu. Mwili hudanganyika ukayapokea. Yakifika katika ubongo unaokua, huvuruga jinsi chembe zake zinavyopelekeana habari. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile kilichomezwa. Hata aliye tumboni hasalimiki, kwa kuwa risasi iliyojificha katika mifupa ya mama humfikia. Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Sumu nayo humkunja mtoto angali mbichi, na akikauka hakunjuki.

Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, alitangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika shule za Chelsea na Somerville, karibu na Boston. Meno ya utotoni yaliyong'oka yalipimwa risasi, na walimu wakaeleza mwenendo wa wanafunzi 2,146 bila kujua vipimo vyao. Kadiri risasi ilivyozidi katika jino, ndivyo walimu walivyozidi kueleza kwamba mtoto hatulii wala hafuati maagizo. Watoto hao hawakuonekana wagonjwa.

Jambo hili haliko ng'ambo tu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilieneza risasi miongoni mwa wakazi mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baadhi ya vyombo vya serikali vikatiwa hatiani pamoja na wenye kiwanda. Fidia ni haki yao, lakini hairudishi akili iliyopotea.

Kinga ndiyo dawa, nayo inawezekana. Kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha kuuza petroli yenye risasi. Hata hivyo rangi za nyumba na betri chakavu bado zipo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Basi mtumishi anayetia sahihi kibali cha kiwanda na aulize kwanza moshi wake utaangukia wapi. Na mwalimu, kabla ya kuinua fimbo, na aulize mtoto huyu analala jirani na nini.