Samani za Kale katika Nyumba Mpya: Nasaha kwa Maharusi wa Dodoma

Bwana harusi na bibi harusi wanausiwa juu ya jambo ambalo aghalabu huachiwa mafundi na wenye maduka, nalo ni uchaguzi wa samani za kale. Samani za kale ni vyombo vya ndani, kama viti, meza, makasha na makabati, vilivyotengenezwa kwa mkono vizazi kadhaa vilivyopita, ilhali samani kuukuu ni zile za miongo ya karibuni ambazo bado zinafaa kwa matumizi. Kauli ya wazee juu ya aina zote mbili ni moja: chombo hakistahili kuingia ndani kwa sababu ya umri wake wala kwa sifa ya kilikotoka, bali kwa kupatana na hewa ya mahali, nafasi ya nyumba na maisha ya wawili wanaoishi humo.

Hewa ndiyo ya kutangulizwa, kwa kuwa Dodoma, iliyo kwenye uwanda wa kati katika mwinuko wa takriban mita 1,100, hupata kwa kawaida mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, nayo hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili, kisha hufuata miezi mingi ya jua, upepo na vumbi. Ubao, hata uwe umekatwa miaka mia moja iliyopita, haukomi kuvuta na kutoa unyevu mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Katika hewa nzito ya pwani hubaki na unyevu mwingi, na ukipandishwa bara wakati wa kiangazi huutoa, nao husinyaa kwa upana ingawa urefu wake haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ndiyo maana baadhi ya familia zilizohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam baada ya Serikali kuhamisha shughuli zake kuanzia mwaka 2016 zimeona meza zilizokuwa imara zikipasuka katikati na viti vikianza kucheza kwenye maungio, bila ya kuwapo kosa la mpakizi wala la dereva.

Wenyeji wa uwanda huu walilitatua tatizo hilo zamani. Kigoda cha Wagogo, yaani kiti kifupi kisicho na egemeo, huchongwa kutoka katika gogo moja, kikalio na miguu yake vikiwa kitu kimoja, hivyo hakina gundi ya kukauka wala ungio la kulegea. Na kile chenye miguu mitatu hutulia hata kwenye sakafu ya udongo isiyosawazishwa, kama ile ya tembe, nyumba ya jadi yenye paa bapa la udongo, kwa kuwa miguu yote mitatu daima huigusa ardhi kwa pamoja. Maharusi wakirithi kigoda cha namna hiyo wasikifiche stoo kwa kuona haya mbele ya wageni, wala wasikipake vanishi nzito ya kung'aa, kwani ule wororo wa kikalio uliotokana na kukaliwa miaka mingi ndio ushahidi wa umri wake, na msasa ukipita mara moja haurudi tena. Kwenye sakafu ya vigae inatosha kubandika vipande vya ngozi chini ya miguu ili kisiteleze wala kukwaruza.

Vyombo vya pwani vinahitaji hadhari zaidi. Kiti cha enzi, ambacho ni kiti kirefu cha heshima cha Lamu, Zanzibar na miji mingine ya Waswahili, chenye mbao nyeusi, mgongo na kikalio cha kamba zilizosukwa na mapambo ya vipande vya mfupa au pembe, kina kamba zinazokakamaa katika hewa kavu na vipande vinavyobanduka mbao zinaposinyaa. Sanduku la njumu nalo, yaani kasha la mbao ngumu lililopambwa kwa misumari na mabamba ya shaba, ambalo mengi yake yaliletwa kwa majahazi kutoka India, mara nyingi lina mfuniko wa ubao mpana, na ubao wa sentimita 40 unaweza kupungua milimita kadhaa ukifika bara. Anayeazimia kununua chombo cha namna hiyo na akinunue, ila akiweke mbali na dirisha linalopigwa na jua, na asimruhusu fundi kuupigilia ubao misumari kila upande, kwa sababu ubao uliozuiwa kusinyaa hujipasua.

Kwa nyumba nyingi za Dodoma chaguo la busara zaidi ni mninga, mti wa miombo unaopatikana Tabora, Katavi na sehemu za Singida, ambao mbao zake nyekundu za kahawia husinyaa kidogo sana zikilinganishwa na nyingi nyingine. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikapita Dodoma na kufika Kigoma mwaka 1914, iliuunganisha uwanda huu na biashara na ofisi zilizohitaji meza na makabati, na hadi leo makabati na meza za mninga au mvule hupatikana kwa familia kongwe, kwa mafundi na katika minada ya vifaa chakavu vya taasisi za umma.

Kagua kwanza, lipa baadaye, ndiyo kanuni ya mnunuzi. Droo huchomolewa yote na kugeuzwa: ikiwa pembe zake zimeunganishwa kwa meno yaliyoingiliana na yasiyolingana sawasawa, ni dalili ya mkono wa fundi; lakini ikiwa zimepigiliwa pini na sakafu yake ni plaiwudi mpya, basi chombo kimefanyiwa ukarabati au hakina umri unaotajwa. Matundu madogo ya wadudu yanayotoa unga laini ubao unapogongwa yanaonyesha kwamba wadudu bado wamo ndani, ilhali matundu meusi yasiyotoa kitu huenda ni ya zamani. Chini ya miguu hutazamwa njia za udongo za mchwa, ambao ni adui mkubwa wa samani katika nyumba za uwanda huu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini cha zamani nacho kina vidonda vyake, na mwenye macho huvitafuta kabla ya kutoa fedha.

Baada ya ubora huja nafasi, kwani kabati lisilopita mlangoni halina thamani kwa mwenye chumba. Maharusi wapime upana wa mlango, kona ya ukumbi na kimo cha dari, na waache njia ya kupita mtu aliyebeba sinia au mtoto. Wakianzia chumba kimoja na sebule ya kupanga, kasha moja la kutunzia kanga na shuka, ambalo pia hukaliwa, litawafaa kuliko seti nzima ya makochi makubwa, hasa kwa kuwa mwenye kupanga huhama, na michongo mingi hukusanya vumbi ambalo mmoja wao atalifuta kila siku.

Sheria nayo haina urafiki. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za kuchongwa za kabla ya mwaka 1940, na biashara au usafirishaji wake nje ya nchi bila kibali ni kosa. Pembe za ndovu, hata zikiwa vipande vidogo ndani ya kiti, zinahitaji nyaraka za kisheria za umiliki. Muuzaji asiyekuwa nazo aachwe na kiti chake.

Mwisho, wawili hawa wakumbuke kwamba nyumba moja sasa inapokea vyombo vya koo mbili. Kitu kilichotoka kwa bibi wa upande mmoja kisiuzwe wala kupakwa rangi na upande mwingine bila kuulizana, na kitakachonunuliwa kwa fedha ya nyumba kikubaliwe na wote wawili, bila mkopo wa kutafuta sifa kwa mashemeji na mawifi. Historia ya kila chombo, nani alikitengeneza na kwa mti gani, iandikwe kwenye karatasi wakati wazee wa kuulizwa wangali hai. Mungu awajalie maharusi umri mrefu, uzao mwema na kikao chenye amani, na kila kiti kitakachoingia ndani mwao kipate mwenye kukikalia.