Maji Safi Hayapimwi kwa Macho



Kila alfajiri mama zetu hubeba ndoo kwenda kisimani, na huyahukumu maji kwa macho: yakiwa maangavu, ni mema. Kwa tope, hukumu hiyo yatosha. Kwa risasi na zebaki haifai kitu, kwani jicho haliioni metali iliyoyeyuka, wala ulimi hauionji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa. Ni sawa na gramu moja kuyeyushwa katika mapipa 500 ya lita 200. Lakini risasi huudhuru ubongo wa mtoto, na madhara hayo hayafutiki.

Kiasi kidogo hivyo, kwa kawaida, hupimwa katika maabara yenye mitambo ya thamani kubwa. Chupa ya maji husafiri mbali, na kabla jibu halijarudi watu wanaendelea kunywa.

Sayansi imefungua njia nyingine. Mwaka 1994 wataalamu wa Marekani, Ronald Breaker na Gerald Joyce, walitengeneza kipande cha DNA kinachofanya kazi ya kimeng'enya: kikikutana na risasi, hukata uzi ulioshikamana nacho. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walikifunga kipande cha namna hiyo juu ya elektrodi ya dhahabu, wakakitia rangi ya buluu yenye kupitisha umeme. Risasi ifikapo, uzi hukatwa, kipande hulegea, rangi huikaribia dhahabu, na umeme huongezeka. Zebaki nayo hujipachika kati ya herufi mbili za T za DNA na kuzifunga pamoja. Kinachosomwa ni umeme mdogo tu, na kifaa cha kuusoma chaweza kubebwa mkononi.

Tusidanganyane, Ndugu zangu. Chombo hiki si dawa ya kila ugonjwa. Floridi, inayoyatia meno ya watoto wa ukanda wetu rangi ya kahawia, si metali. Kitaipita bila kuitambua. Chumvi na tope navyo huweza kukipotosha. Maabara, basi, itabaki kuwa hakimu wa mwisho. Chombo cha kijijini kitakuwa mlinzi wa kwanza.

Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki. Lakini sheria bila kipimo ni kama mizani isiyo na mawe. Kwa hiyo jumuiya za watumia maji ziwe na daftari la kila kisima. Wataalamu wa RUWASA waulizwe majibu ya vipimo, nayo yasomwe hadharani. Na vijana wetu wa sekondari wafundishwe kemia kwa maji ya visima vyao wenyewe. Tukingoja ujuzi huu uletwe ukiwa umefungwa katika maboksi, tutabaki wanunuzi. Tukijifunza kuutengeneza, tutakuwa tumejitegemea.