Isanga na Saa Ile Moja

Kila taarifa ya habari itajapo kesi ya mauaji, sisi tukaao Dodoma fikira zetu huelekea Isanga, taasisi iliyo chini ya hospitali ya Mirembe, ambako mahakama humpeleka mshtakiwa ashukiwaye kuwa na wazimu, na tabibu akapewa siku 42 kuandika ripoti.

Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 13, humwondolea dhima yule ambaye, kwa maradhi ya akili, wakati wa kutenda hakufahamu alifanyalo, au hakujua kuwa halimpasi, au hakuweza kujizuia. Na hili la tatu, ambalo kanuni ya Kiingereza ya mwaka 1843 haikulitambua, mimi naliona lina insafu kubwa.

Lakini tabibu humkuta mtu ametulia, miezi baada ya damu kumwagika, ilhali mahakama yauliza juu ya saa ile moja tu. Basi huenda ushahidi wa mama aliyemwona mwanawe akisemezana na ukuta wiki nzima ukawa na uzito kuliko karatasi yenye mhuri. Naye mshtakiwa akithibitika kuwa alitenda bila akili, harudi kwao siku hiyo: huwekwa kizuizini, pengine papo hapo Isanga, wala hatajiwi idadi ya miaka.