Ahadi Isiyotayarishwa

Wengine wenu mnatusikiliza mkiwa jikoni, chai ikichemka. Wengine mmekwisha vaa viatu, mko karibu kutoka kwenda kazini. Asubuhi hii twataka kuzungumza kwa dakika chache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya karibu kila siku, yaani kuahidi.

Sisi watu wa Kenya theluji twaijua kwa kuitazama kwa mbali, juu ya Mlima Kenya, asubuhi mbingu zikiwa safi. Ni nyeupe, yapendeza macho, wala haimzuii mtu kwenda sokoni. Lakini katika nchi za Ulaya, wakati wa baridi kali, theluji hushuka mpaka mlangoni pa mtu, ikafunika njia, magari na ndege.

Jumamosi tarehe 18 Desemba 2010, wiki moja kabla ya Krismasi, theluji nzito ilianguka juu ya kiwanja cha ndege cha Heathrow, kule London. Kiwanja hicho ni mojawapo ya viwanja vikubwa kabisa duniani, na wengi wa ndugu zetu hupita hapo wakija nyumbani Nairobi au wakienda masomoni. Siku ile ndege zilisimama. Usiku ule abiria wapatao 9,500 walilala humo kiwanjani, wengine sakafuni, wakijifunika makoti yao. Kwa muda wa siku tano safari zaidi ya 4,000 zilifutwa.

Labda utauliza, je, ni kosa la mtu ikiwa theluji imeanguka? La, theluji haina mwenyewe hapa duniani. Lakini ilikuwa imetabiriwa. Na huko Helsinki, nchini Finland, theluji huanguka kila mwaka, na ndege huruka, kwa sababu watu wa huko huingoja wakiwa na mashine na wafanyakazi tayari. Profesa David Begg, aliyeongoza uchunguzi wa mambo ya Heathrow, alitoa ripoti yake Machi 2011. Alionyesha kwamba wakuu wa kiwanja hawakuyapima vya kutosha madhara ya theluji ile kabla haijafika, na kwa hiyo maandalizi yakawa hafifu. Tena habari walizopewa abiria zilipingana, hata mtu asijue kama kiwanja kimefunguliwa au kimefungwa.

Liko jambo moja katika habari hii ambalo limetugusa sana. Njia moja ya kurukia ndege ilisafishwa upesi kuliko sehemu nyingine, nayo ikawa tayari. Hata hivyo ndege nyingi hazikuweza kwenda. Kwa nini? Kwa sababu barafu ilikuwa imeganda pale zilipoegeshwa, kuzunguka magurudumu yake. Mtu aliyetazama njia ile kubwa tu angeweza kusema, "Tuko tayari." Lakini aliyeinama akatazama chini ya ndege aliona ya kuwa bado.

Ndugu zetu, ndivyo zilivyo ahadi zetu nyingi. Maneno ni njia pana iliyofagiliwa vizuri, lakini chini, pale ahadi inapotakiwa kuanza kutembea, pameganda. Twasimama katika harambee ya kanisa na kutaja fedha ambazo hatujui zitatoka wapi, kwa kuwa watu wanapiga makofi. Twamwambia mtoto, "Muhula ujao utapata viatu vipya," ili tu anyamaze. Mara nyingi hatukukusudia kusema uongo. Tuliahidi bila kutayarisha, basi.

Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mkulima ajua ya kuwa yako mawingu yapitayo yakamwacha na jembe mkononi. Mithali 25:14 yamfananisha mtu ajisifuye kwa zawadi asiyoitoa na mawingu na upepo visivyoleta mvua. Sulemani aliijua nchi kavu, na sisi twaijua.

Hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Miaka michache iliyopita, katika parishi tuliyokuwa tukitumika, palikuwa na mzee mmoja mgonjwa. Siku ya Jumapili baada ya ibada mkewe alituomba tumpelekee Ushirika Mtakatifu nyumbani. Tulimjibu mbele ya watu, kwa sauti ya furaha, "Mama, Alhamisi tutafika bila kukosa." Alhamisi hatukwenda. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ilikuwa tope tupu, lakini tusiisingizie mvua. Tangu Jumapili ile kitabu chetu cha ratiba kilikuwa na mkutano wa siku nzima uliopangwa Alhamisi hiyo hiyo. Hatukukifungua kabla ya kusema.

Tulifika Jumamosi. Mzee alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Mkewe hakutulaumu. Alitukaribisha kwa heshima, akatuambia ya kuwa siku ile ya Alhamisi mzee aliomba avikwe shati lake jeupe tangu asubuhi, akawekwa karibu na dirisha. Giza lilipoingia alisema, "Pasta ana kazi nyingi," akakubali kulazwa. Wapendwa, tungalipenda atukemee. Maneno yale ya upole yako nasi hata leo, na tangu siku ile hatusemi "bila kukosa" kabla ya kufungua kitabu.

Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya kwanza, twasoma kwamba Mtume Paulo naye alipanga safari ya kwenda Korintho, kisha hakwenda kama alivyopanga. Watu walianza kulitilia shaka neno lake. Paulo aliwaeleza sababu, kisha akawainua macho juu ya safari yake mwenyewe: akawaambia kwamba ahadi zote za Mungu zimepata ndiyo yake katika Kristo. Mungu hakutufagilia njia ya maneno tu. Aliinama mpaka chini kabisa, palipoganda, katika dhambi na mauti yetu, akalipa kwa msalaba gharama ya kile alichoahidi.

Tena Bwana wetu hakuahidi kupita kiasi. Aliwaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba ulimwenguni watapata dhiki. Basi mtu akikuambia ya kuwa ukiamini hutaugua wala hutapungukiwa kamwe, ujue anakutangazia safari ambayo Bwana hakuitangaza.

Tufanye nini basi? Tujifunze hata kwa Heathrow. Colin Matthews, aliyekuwa mkuu wa kampuni iliyosimamia kiwanja kile, aliikataa marupurupu yake ya mwaka ule. Na Februari 2012, theluji ilipotabiriwa tena, kiwanja kilitangaza mapema kwamba sehemu ya safari, kama 30 kwa mia, hazitakuwapo. Habari ile haikumfurahisha msafiri, lakini wengi waliweza kukaa nyumbani kwao badala ya kulala sakafuni. Neno dogo la kweli lina rehema ndani yake kuliko neno kubwa lisilotimia.

Leo, kabla jua halijatua, mkumbuke mtu mmoja uliyemwahidi. Ikiwa waweza kutimiza, ondoka ukatimize. Ikiwa huwezi, nenda umwambie, umwombe radhi. Huenda amevaa shati lake jeupe, amekaa dirishani.

Tuombe. Ee Mungu Baba, wewe usiyesahau neno lako, utusamehe ahadi tulizozisema kwa midomo na kuziacha njiani. Uwafariji waliotungoja bure. Utupe ulimi mfupi na miguu miepesi, tupate kuwa watu wa kweli kama wewe ulivyo wa kweli. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.