Kabla ya Kuwasha Kamera: Kuipima Nyumba kwa Usalama

Leo twazungumza juu ya kazi ambayo vijana wa shule na vyuo hupewa na walimu wao, yaani kutengeneza filamu fupi. Zamani kazi hiyo ilitaka mitambo ya bei kubwa. Siku hizi simu ya mkononi yatosha, na mahali pa kupigia picha mara nyingi ni nyumbani kwa mmoja wa wanafunzi. Swali letu ni hili: hatari za kazi hiyo zipimwe namna gani kabla haijaanza?

Watu wengi watajibu kwamba nyumbani hakuna hatari, maana watu hulala humo kila siku wakaamka salama. Lakini nyumba inayopigiwa filamu si ile nyumba ya kila siku. Madirisha hufungwa ili kelele za bodaboda zisiingie. Feni huzimwa. Friji huchomolewa kwa sababu inanguruma. Taa husimamishwa mlangoni, na sebule ya watu 4 huingia watu 12. Basi, ipime nyumba kama itakavyokuwa siku ya kazi, siyo kama ulivyoizoea.

Tuchukue mfano. Vijana 6 wa chuo mjini Morogoro wanataka kutengeneza filamu ya dakika 5. Mama anapika usiku kwa jiko la mkaa, na mwizi ananyemelea dirishani. Nyumba ni ya bibi wa mmoja wao. Bibi ana ugonjwa wa kisukari, na humo yumo mjukuu wa miaka 3. Tuingie nao, tupite hatua kwa hatua.

Kwanza, hewa. Jiko la mkaa na jenereta hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haionekani wala hainuki, nayo huua. Jiko lililowaka uani kwa miaka mingi bila madhara laweza kuua likiingizwa chumbani na madirisha yakafungwa kwa ajili ya sauti. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na vijana waliokesha kazini huweza kudhani kuwa ni uchovu tu. Je, filamu yahitaji moto wa kweli? Hapana. Sufuria juu ya jiko lisilowashwa, na mchezaji anayejua kazi yake, vyatosha. Na umeme ukikatika, jenereta isiwekwe barazani wala ukumbini, bali nje kabisa, mbali na milango na madirisha.

Pili, umeme. Soketi ya kawaida ya nyumba zetu ni ya ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, taa 3 za wati 1,000 kila moja zinaupita kidogo uwezo wake wote. Ukizichomeka katika ekstensheni moja nyembamba, na waya wake bado umeviringwa, waya huo utapata moto hata kuyeyuka. Tumia taa za LED, ambazo hula umeme kidogo na hazichomi kama zile za zamani. Nyoosha waya wote, upitishe kando ya ukuta, ubandike kwa gundi ya karatasi pale watu wanapopita. Betri za kamera zisichajiwe juu ya kitanda wala usiku watu wakilala.

Tatu, friji. Akiba ya insulini ya bibi hutunzwa humo, katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Kijana akichomoa friji saa 2 usiku, akasahau, dawa yaweza kuharibika bila mtu kujua. Afadhali kupiga picha chumba kingine. Isipowezekana, muulizeni bibi kwanza, kisha mtumie hila ya mafundi wa sauti: aliyechomoa aweke ufunguo wa pikipiki yake ndani ya friji. Hataweza kuondoka bila kuikumbuka.

Nne, majirani. Hili husahaulika kuliko yote. Mchezaji akipiga ukelele wa "Mwizi!" usiku, majirani hawajui kuwa ni mchezo. Watatoka na marungu na mawe, na yule kijana aliyejifunika uso ndiye watakayemkuta dirishani. Kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa na majirani wote waarifiwe mapema, kwa saa na tarehe. Ukelele urekodiwe mchana, ndani, ukaunganishwe baadaye. Panga la kweli lisitumike. La mbao lililopakwa rangi latosha. Bunduki ya kweli isiingie kabisa. Hata wenye ujuzi wamefikwa na msiba: tarehe 21 Oktoba 2021, huko New Mexico, Marekani, mpiga picha Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi ya kweli iliyotoka katika bastola ya filamu, ambayo wenzake walidhani ni salama.

Tano, mtoto na mlango. Taa au miguu ya kamera isizibe njia ya kutokea. Mtoto wa miaka 3 awe na mtu mmoja wa kumwangalia, asiye na kazi nyingine.

Sasa chukua karatasi, uigawe sehemu 4. Andika hatari, nani aweza kudhurika, tutafanya nini, na nani atakayehakikisha. Sehemu ya mwisho iwe na jina la mtu mmoja, kwa maana kazi ya wote huwa haina mwenyewe. Katika kuamua la kufanya, fuata utaratibu huu: kwanza iondoe hatari, ukishindwa, badili kitu kwa kingine kisicho na hatari, ukishindwa, itenge na watu. Onyo la mdomo liwe la mwisho, maana kumwambia mtu "Angalia!" hakupunguzi moto wa waya.

Karatasi hiyo isomwe kwa sauti mbele ya wote, bibi akiwamo, kabla ya kuwasha kamera. Yeye ndiye mwenye nyumba, na akikataa jambo, limekataliwa. Mpango ukibadilika, karatasi nayo ibadilishwe. Andikeni juu yake pia namba 114 ya Zimamoto, na mahali ilipo swichi kuu ya umeme.

Mwalimu hakuagiza karatasi hii ili ajaze faili. Ameiagiza ili watu walioingia katika nyumba ile watoke wote, na bibi alale salama.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Katika nyumba yako, ni kitu gani kilicho salama kila siku ambacho kingekuwa hatari madirisha yakifungwa?
2. Ni nani katika mtaa wenu wa kuarifiwa kabla ya mchezo wenye kelele?
3. Hatari gani mngeweza kuiondoa kabisa, badala ya kuionya tu?