Mzee Pedro Flores, Mchuuzi wa Yoyo: Tunajifunza Nini Kwake?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kuhusu soko)



Mliniomba niongee juu ya soko. Kila kikundi ninachotembelea, wimbo ni ule ule: "Kutengeneza tunaweza, lakini soko hakuna." Vikapu vimejaa stoo, asali iko kwenye chupa, sabuni imekatwa ikapangwa vizuri, na mnunuzi haonekani isipokuwa dalali anayekuja na bei yake mfukoni. Sasa, badala ya kuwasomea kanuni za biashara, nataka leo tumkumbuke mzee mmoja aliyekuwa mchuuzi. Hakuwa Mkenya, na jina lake wengi wenu hamjalisikia. Lakini kitu alichouza mnakijua, na watoto wenu wamekichezea.

Jina lake ni Pedro Flores. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Vintar, katika jimbo la Ilocos Norte, kaskazini mwa Ufilipino. Mwaka 1915, akiwa bado kijana, alivuka bahari akaenda Marekani. Ufilipino ilitawaliwa na Marekani tangu 1898 hadi 1946. Kwa sababu hiyo, Mfilipino wa siku zile aliweza kuingia Marekani kutafuta kazi, lakini uraia alinyimwa. Sisi tuliotawaliwa tunaielewa hali hiyo: bendera ni moja, lakini meza ni mbili.

Wengi wao walifanya vibarua katika mashamba ya mboga na matunda huko California. Kulikuwa na hoteli zilizobandika ilani mlangoni kwamba Mfilipino haruhusiwi kabisa. Januari 1930, katika mji wa Watsonville, magenge ya wazungu yaliwashambulia kwa siku kadhaa, na kijana mmoja akauawa kwa risasi. Mwaka 1934 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu Wafilipino 50 tu kuingia kwa mwaka mzima. Wazee wa kizazi hicho huitwa "manong", neno la heshima la Kiilokano kwa kaka mkubwa. Wajukuu wao bado wanawakumbuka kwa neno hilo.

Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia. Alikuwa mgeni, hakuwa na uraia, hakuwa na mtaji. Alianza masomo ya sheria akitaka kuwa wakili, lakini hakuyamaliza. Akahamia mji wa Santa Barbara, akawa anafanya kazi ndogo ndogo, pamoja na kubeba mizigo ya wageni hotelini.

Je, alikuwa na nini? Hebu tuangalie.

Kwanza, alikuwa na kitu cha kwao. Watoto wa Ufilipino walikuwa na mchezo wa vipande viwili vya mbao vya mviringo, vimeunganishwa katikati kwa kijiti, na uzi umezungushwa hapo. Wenyewe waliuita yoyo. Flores hakudai kwamba ni yeye aliyeuvumbua. Wagiriki wa kale walikuwa na kitu cha namna hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Lakini ile ya Kifilipino ilikuwa na tofauti moja: uzi haukufungwa kwa fundo kwenye kijiti, ulikizunguka tu kama kitanzi. Kwa hiyo yoyo ikifika chini inaweza kubaki ikizunguka pale pale, kisha ukiivuta kidogo inapanda. Tofauti ndogo kama hiyo ndiyo iliyofanya michezo mingi iwezekane.

Pili, alianza na kidogo. Mwaka 1928 alichonga yoyo chache kwa mkono, kama dazeni moja, akawauzia watoto wa jirani. Mwaka huo huo akaandikisha kampuni yake. Kufikia Novemba alikuwa ametengeneza 2,000. Matajiri wawili wa Los Angeles walipoona watoto wanavyozing'ang'ania, wakaweka pesa zao. Kufikia Novemba 1929 alikuwa na viwanda vitatu na wafanyakazi 600, wakitoa yoyo 300,000 kwa siku. Angalieni mpangilio huo, ndugu zangu. Mtaji haukutangulia. Zilitangulia zile chache alizochonga mwenyewe, wanunuzi wakaonekana, ndipo mtaji ukaja kutafuta mahali pa kuingia.

Tatu, na hapa ndipo nataka mtulie, alijua kuuza. Yoyo ikikaa kwenye rafu ya duka ni kijiti na uzi tu, mpita njia haoni sababu ya kutoa pesa. Flores na wenzake walisimama mbele ya watu wakaicheza. Waliipeleka chini, wakaizungusha, wakairudisha mkononi. Kisha wakampa mtoto ajaribu, wakamsahihisha mkono, akajaribu tena. Waliandaa mashindano na zawadi. Mtoto aliyejifunza leo alimfundisha mwenzake kesho, na wote wawili walitaka yoyo ya kwao. Hiyo ndiyo sababu nasema huyu mzee hakuuza mbao. Aliuza ujuzi, na mbao ikafuata.

Sisi tunafanyaje? Tunaweka kikapu mezani siku ya soko, tunakaa nyuma yake tumekunja mikono, tunangoja. Mteja anauliza bei, tunataja bei, anaenda. Nani amemwonyesha jinsi mshono unavyobana? Nani amemwonjesha asali, akamweleza ni ya maua gani? Nani ameosha kitambaa kichafu mbele yake kwa ile sabuni? Kuonyesha hakuna gharama kubwa. Kunahitaji mtu anayekijua kitu chake na kukipenda.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Flores aliuza biashara yake kwa tajiri mmoja, Donald Duncan. Pamoja na mashine aliuza jina lenyewe, yaani neno yoyo likawa alama ya biashara ya Duncan. Duncan akawaajiri vijana wa Kifilipino wazunguke miji ya Marekani wakionyesha mchezo. Walisimama nje ya maduka saa za watoto kutoka shule, wakafundisha, wakawachongea watoto majina yao na picha za minazi kwenye yoyo kwa kisu. Walikuwa wachuuzi waaminifu sana. Kampuni iliendelea kukua hata mwaka 1962 ikauza zaidi ya yoyo milioni 40 kwa mwaka mmoja.

Na jina lililoandikwa juu ya yoyo zile lilikuwa la nani? La Duncan. Hadi leo wengi husikia kwamba ni yeye aliyeleta yoyo Marekani. Mchuuzi aliyeanza na dazeni moja amesahaulika, na wale vijana wa minazi wamesahaulika zaidi.

Sisemi kwamba Flores alifanya vibaya kuuza. Kuuza biashara yako ni haki yako, na miaka ile ilikuwa ya dhiki kubwa ya uchumi. Tena hakuacha kazi aliyoipenda: aliendelea kuonyesha na kufundisha, na katika miaka ya 1950 alianzisha tena kampuni ya yoyo. Ninachosema ni kwamba kitu chenye thamani kuliko vyote hakikuwa mashine. Kilikuwa mikono ya wale vijana na jina la kitu. Aliyelishika jina ndiye aliyebaki na sifa.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Mfilipino mwingine, Joe Radovan, aliyewahi kufanya kazi ya kuonyesha yoyo, alikuwa na kampuni yake. Duncan alimshtaki kwa kutumia neno yoyo. Mwaka 1965 mahakama ya rufani ya Marekani ikaamua kwamba neno hilo lilikuwa jina la kawaida la mchezo huo huko Ufilipino hata kabla ya Duncan, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kulifungia kwake peke yake. Mwaka huo huo kampuni ya Duncan ikafilisika, kwa gharama za kesi na za matangazo. Baadaye ilinunuliwa na wengine.

Msifikiri hayo ni ya mbali. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara huko. Ndiyo, kikoi chetu cha pwani! Ingefaulu, Mkenya anayepeleka vikoi Uingereza angeweza kuzuiwa kuviita kwa jina lake. Watu wakaamka, wakapinga, na mwaka 2008 ombi likaanguka. Lisingeanguka kama watu wangenyamaza.

Kwa hivyo nawaomba mrudi nyumbani na mambo matatu. Moja, dalali akija, mjue ananunua nini. Kununua vikapu 50 ni jambo moja, kutaka vikapu visiwe na jina lenu ni jambo jingine, na bei yake haiwezi kuwa ile ile. Mbili, kikundi kiandikishwe, na makubaliano yote yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu na kutiwa sahihi. Kama mna jina lenu la kuuzia, ulizeni katika taasisi ya KIPI, Nairobi, jinsi ya kulisajili. Usajili hudumu miaka 10 na unaweza kurudiwa. Tatu, chagueni watu wawili katika kikundi wafundishwe kuonyesha bidhaa, hata kama si wasemaji wakubwa. Katika mfano wa talanta, mtumishi alikaripiwa kwa sababu alifukia, si kwa sababu alikuwa na kidogo.

Kabla hatujapumzika kwa chai, kaeni vikundi vikundi mjadiliane maswali haya:

1. Ni kitu gani cha kwetu ambacho jirani hana, hata kama tofauti ni ndogo kama uzi wa yoyo?
2. Mara ya mwisho tulipouza, tulionyesha au tulingoja?
3. Bidhaa yetu ikifika mjini, ina jina la nani?
4. Wazee wetu waliotangulia katika kazi hii ni nani, na tumeandika wapi majina yao?

Hilo swali la nne msiliruke. Katibu aandike majibu leo hii, maana wazee wanaokumbuka bado wako nasi.