Matairi Makubwa na Meno ya Difu: Hesabu Impasayo Mwenye Gari Kuukuu



Katika miji na vijiji vya Kenya magari ya mizigo yaliyokula miaka mingi bado yanafanya kazi kubwa. Pikapu iliyotoka kiwandani katika miaka ya 1980 hubeba maziwa, mbolea, mbao na saruji, na humlisha mwenyewe pamoja na jamaa yake. Wenye magari ya namna hiyo hupenda kuyatia matairi makubwa kuliko yale ya asili, na sababu zao si za upuuzi. Tairi kubwa huinua tumbo la gari lisigonge mawe, tena hupita juu ya mashimo bila kutumbukia sana. Lakini tairi kubwa huja na deni lake, na deni hilo hudaiwa injini, klachi na breki. Mazungumzo haya yataeleza deni hilo ni kiasi gani, na jinsi mwenye gari awezavyo kulilipa kwa kuchagua meno ya difu yanayofaa.

Kwanza yafaa kujua kazi ya difu. Ndani ya ekseli mna gurudumu dogo la meno liitwalo pinioni, nalo huzungushwa na propela. Pinioni huzungusha gurudumu kubwa la meno liitwalo kraunwili, ambalo ndilo lipelekalo nguvu kwenye magurudumu ya gari. Kama kraunwili ina meno 41 na pinioni ina meno 10, propela itazunguka mara 4.10 ili magurudumu ya gari yazunguke mara moja. Hesabu hiyo ya 4.10 ndiyo uwiano wa difu. Hesabu ikiwa kubwa, gari huwa na nguvu zaidi ya kuvuta, lakini injini huzunguka mbio zaidi. Hesabu ikiwa ndogo, injini hutulia katika barabara ya tambarare, lakini nguvu ya kupanda mlima hupungua.

Mfano wake ni huu. Mkulima wa nyanda za juu ana Toyota Hilux ya miaka ya 1980, yenye kuvuta kwa magurudumu manne, na difu zake ni za 4.10. Matairi yake ya kwanza yalikuwa na kimo cha inchi 28. Akapata matairi ya inchi 32 kwa bei nafuu, akayafunga. Tairi la kwanza lilipozunguka mara moja lilikwenda mbele inchi 88. Tairi jipya likizunguka mara moja huenda inchi 100 na nusu. Gari hilo sasa ni kama mchukuzi aliyezoea kupanda mlima kwa hatua fupi huku ana gunia kichwani, kisha akalazimishwa kupiga hatua ndefu. Gunia ni lile lile na miguu ni ile ile, lakini pumzi humwishia njiani.

Hesabu ya jambo hilo si ngumu. Uwiano wa 4.10 huzidishwa kwa kimo cha tairi la zamani, yaani 28, kisha hugawanywa kwa kimo cha tairi jipya, yaani 32. Jawabu ni 3.59. Basi gari lililotengenezwa kwa difu ya 4.10 limegeuka kuwa kama gari la 3.59, ingawa hakuna fundi aliyegusa ekseli yake. Nguvu ifikayo ardhini imepungua kwa sehemu moja katika kila sehemu nane.

Upungufu huo huumiza zaidi katika nchi ya milima. Injini isiyo na taabo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na hewa huwa nyepesi kadiri mtu apandavyo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hapo injini ya namna hiyo imekwisha kupoteza kama sehemu moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Ikifika Timboroa, ambako barabara yapita mita 2,700, hasara hukaribia robo. Mtu akitoa tena sehemu moja ya nane kwa ajili ya matairi, asishangae gari lake likikataa gia ya tatu mahali lilipokuwa likipanda kwa gia hiyo bila taabu. Dereva hulazimika kuichezea klachi kila anapoondoka, hata klachi ikaungua. Kisha mwenye gari husema injini imezeeka, akatoa fedha nyingi kuitengeneza, na kumbe kosa halikuwa la injini.

Kuna hatari iliyo kubwa kuliko hasara ya fedha. Wazee walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Gari lenye mzigo likiteremka mlima, injini ndiyo husaidia kulishika ili breki zisipate moto. Tairi kubwa hupunguza msaada huo kwa kiasi kile kile lilivyopunguza nguvu ya kupanda. Tena breki zenyewe hazikuongezwa, nazo sasa hushindana na gurudumu refu zaidi, kwa hiyo dereva hana budi kukanyaga kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Breki zikishika moto hupoteza nguvu, na katika mteremko mrefu huo waweza kuwa mwisho wa dereva na wa watu waliomo barabarani.

Hata spidomita hudanganyika. Spidomita ya gari kuukuu huhesabu mizunguko itokayo upande wa giaboksi, wala haina habari ya tairi. Gari la mkulima yule likionyesha kilomita 80 kwa saa, kweli linakwenda karibu kilomita 91. Kanuni za Kenya zilizoanza kutekelezwa Februari 2004 ziliweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa matatu na kwa magari mazito ya biashara, zikaagiza vidhibiti mwendo. Kidhibiti kinachopata hesabu yake mahali pale pale kitadanganyika vile vile.

Dawa ni kutafuta difu itakayorudisha uwiano wa asili. Hapa hesabu hugeuzwa: 4.10 huzidishwa kwa 32, kisha hugawanywa kwa 28. Jawabu ni karibu 4.69. Lakini difu haziuzwi kwa kila hesabu, kwa kuwa meno ni lazima yawe kamili. Kwa gari la namna hii zipatikanazo karibu na hesabu hiyo ni 4.56, yaani meno 41 kwa 9, na 4.88, yaani meno 39 kwa 8. Moja ni chini kidogo ya jawabu, na nyingine ni juu kidogo. Hapo ndipo busara ya kuchagua inapotakiwa.

Na itazamwe injini ikiwa katika gia ya nne, ambamo propela na injini huzunguka sawasawa, gari likienda kilomita 80 kwa saa. Kwa matairi ya asili na difu ya 4.10, injini ilizunguka kama mara 2,450 kwa dakika. Kwa matairi makubwa na difu ile ile, huzunguka kama mara 2,140 tu. Kwa difu ya 4.56 huzunguka kama 2,380, na kwa difu ya 4.88 kama 2,550. Kwa hiyo mtu akaaye pwani au nchi ya tambarare, abebaye mzigo mwepesi na kusafiri mbali, atafaidika na 4.56. Mtu wa milimani, ambaye gari lake hujaa mzigo kila siku na injini yake haina taabo, heri achague 4.88. Haifai kupita hapo kwa tamaa ya nguvu, kwa maana pinioni yenye meno machache huwa nyembamba na dhaifu, na injini huchoka kwa kukimbia bure katika barabara nzuri.

Kabla ya kununua chochote, mwenye gari na apime mwenyewe, wala asitegemee maandishi ya ubavuni mwa tairi peke yake. Tairi lililobeba mzigo hubonyea kidogo. Basi atie upepo wa kadiri, apakie mzigo wake wa kawaida, apige alama ya chaki chini ya tairi na sakafuni, kisha gari lisukumwe mpaka alama irudi chini. Urefu uliopimwa ndio hatua ya kweli ya tairi hilo. Afanye hivyo kwa tairi la zamani na kwa jipya, na hesabu ifuate vipimo hivyo viwili.

Uwiano wa difu nao waweza kujulikana bila kuifungua. Gari huwekwa mahali pa sawa, injini ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru, na magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe imara. Gurudumu moja la nyuma huinuliwa kwa jeki na kukingwa kwa stendi, la pili likibaki chini. Gurudumu lililoinuliwa likizungushwa mara mbili kamili, propela itazunguka kwa hesabu ya difu: mara nne na kidogo kwa 4.10, mara nne na nusu na kidogo kwa 4.56, na karibu mara tano kwa 4.88. Njia hii ni ya difu ya kawaida, isiyo na kufuli. Kwa difu kuukuu inayouzwa ikiwa imefunguliwa, kama zile za maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road mjini Nairobi, yatosha kuhesabu meno yenyewe, kwa maana neno la muuzaji si hesabu.

Gari lenye kuvuta kwa magurudumu manne lina sharti moja lisilovunjwa: difu ya mbele na ya nyuma ni lazima ziwe na uwiano mmoja. Mtu akibadili ya nyuma tu ili kuokoa fedha, siku atakapotia gia ya magurudumu manne ekseli mbili zitavutana kama ng'ombe wawili wa jembe moja wasiopatana, hata kitu kivunjike. Kwa hiyo gharama ihesabiwe kwa difu mbili. Asiyeweza kulipia mbili ana dawa rahisi, nayo ni kurudi kwenye tairi la kimo cha asili.

Mwisho, kazi ya kufunga meno mapya ni ya fundi aijuaye. Nafasi baina ya pinioni na kraunwili hupimwa kwa kipimo, si kwa macho, na meno yakikaa vibaya yatalia, kisha yataliwa. Safari za kwanza ziwe fupi, bila mzigo mzito, na difu iachwe ipoe. Baada ya kilomita kama 800 oili imwagwe na kutiwa mpya, ili vumbi la chuma litoke.

Tairi na difu ni jambo moja lililogawanywa sehemu mbili. Abadiliye moja bila kuipigia hesabu ya pili ataona tofauti siku ya mlima. Heri aione mapema, kwa chaki, utepe na kalamu, gari likiwa limesimama salama nyumbani kwake.